Kisu Chako Unakibeba Wapi?

Mimi ni bwana shamba. Ninafanya kazi katika wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Nilisoma kilimo katika chuo cha Mlingano, nikapata cheti. Tangu siku hiyo kazi yangu ni kutembea. Asubuhi niko kwenye michungwa. Mchana napanda milima ya Amani, kwenye iliki na mdalasini. Popote niendapo, mfukoni mwangu mna kisu cha kukunja.

Ndugu msomaji, labda nawe unacho. Kisu hiki ni kidogo. Ubapa wake hukunjwa ukaingia ndani ya mpini. Kwa kisu hiki tunabebesha miche, tunakata kamba ya mbuzi, tunafungua gunia la mbolea, tunamenya chungwa. Jembe na panga hurudi nyumbani tukimaliza kulima. Kisu cha kukunja hushinda na mwenyewe kutwa nzima. Hupanda naye mti, hupanda naye baiskeli, hukaa naye barazani. Kwa sababu hiyo mahali pa kukiweka si jambo dogo.

Mwaka 2019 kijana mmoja wa kijiji ninachokihudumia aliteremka kilima na baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga gunia la machungwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na pikipiki. Breki zilimshinda, akaanguka. Kisu chake kilikuwa katika mfuko wa mbele wa suruali, kikichanganyika na funguo na sarafu. Alipoanguka kisu kilifunguka mle mle mfukoni. Ncha ikamwingia pajani.

Damu ilikuwa nyingi. Tulimlaza chini. Nilivua shati langu, nikalikunja, nikalikandamiza juu ya jeraha kwa mikono miwili. Watu walitaka niinue shati watazame. Nilikataa, maana ukiinua kila mara damu haipati nafasi ya kuganda. Mzee mmoja akatoka nyumbani kwake na tumbaku ya kusaga.

"Bwana shamba, hii ndiyo dawa yetu tangu zamani," akasema.

"Shikamoo mzee. Niwie radhi, leo tusiweke kitu. Tukandamize tu, tumfikishe zahanati."

"Marahaba. Haya, wewe ndiye uliyesoma. Lakini kandamiza kwa nguvu, mbona mikono yako inatetemeka?"

Kweli ilikuwa inatetemeka. Yule mzee aliweka tumbaku yake mfukoni, akapiga magoti, akaweka mikono yake juu ya yangu. Tulikandamiza pamoja mpaka gari lilipopatikana.

Zahanati walimshona kijana, wakamchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Tabibu alituonyesha kwa kidole. Upande wa ndani wa paja umepita mshipa mkubwa wa damu. Kisu kingekata mshipa ule, kijana angeweza kufa katika dakika chache, kabla ya gari kufika. Leo ni mzima na michungwa yake inazaa.

Hapo niseme neno moja juu ya pepopunda. Watu wengi husema ugonjwa huu unaletwa na kutu ya chuma. Si kutu. Ni vijidudu vinavyokaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Kisu cha shambani hugusa vyote viwili. Jeraha la ncha huwa jembamba na lenye kina, na vijidudu hivyo hupenda mahali kama hapo pasipo na hewa. Mtu aliyechomwa na kisu, hata kama jeraha ni dogo, aoshe kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati akaulizwe kama amepata chanjo. Asipake udongo, mavi ya ng'ombe wala tumbaku.

Sasa turudi kwenye kisu. Kwa nini kilifunguka?

Kisu cha kukunja kina pini moja. Pini ndiyo inayoushika ubapa kwenye mpini. Ndani ya mpini mna springi. Springi huubana ubapa usitoke wenyewe. Kisu kikizeeka, springi huchoka. Pia uchafu wa mfukoni, yaani vumbi, nyuzi za nguo na makombo, hujaa katika ufa wa mpini. Ubapa ukikunjwa haufiki chini. Ncha hubaki imechungulia kidogo. Mwenyewe haoni. Ncha ikikwama kwenye kitambaa, kisu hufunguka polepole kadiri anavyotembea.

Pima kisu chako leo. Kikunje. Shika mpini, ufa ukitazama chini. Nyoosha mkono mbali na mwili, na watoto wasiwe karibu. Tikisa mara tatu kwa nguvu. Ubapa ukitoka hata kidogo, usikiweke mfukoni hivi hivi.

Baadhi ya mafundi wa nchi za nje waliliona tatizo hili zamani. Huko Ufaransa, katika milima ya Savoie, Joseph Opinel alibuni kisu cha kukunja chenye mpini wa mti mwaka 1890. Wakulima walikipenda kwa sababu ni chepesi na bei yake haikuwa kubwa. Mwaka 1955 kisu hicho kiliongezwa pete ya chuma shingoni. Ukikifungua unazungusha pete, ubapa haukuangukii vidole. Baadaye pete hiyo ilitengenezwa iweze kuufunga ubapa ukiwa umekunjwa pia. Visu vingi vinavyouzwa katika minada yetu havina pete ya namna hiyo.

Lakini pete tunaweza kutengeneza wenyewe. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli. Kata kipande chenye upana wa vidole viwili. Utapata pete ya mpira. Ivalishe kisu kikiwa kimekunjwa, upande ule ilipo ncha. Ikipwaya, ipinde kama namba nane uizungushe mara mbili. Ukitaka kukitumia kisu, vua mpira uuvae kwenye kifundo cha mkono. Ukimaliza, uurudishe. Kazi hii haina gharama, na mpira husaidia kisu kisiteleze kikatoka mfukoni. Mimi ninaona mpira huu ni bora kuliko ala nyingi za ngozi zinazouzwa mnadani, ambazo hutanuka baada ya mvua moja.

Ala nzuri ya ngozi ni kitu kingine. Ndugu zetu Wamasai hubeba sime katika ala siku zote, na sime haitoki ovyo. Siri ni kwamba ala hutengenezwa kwa kipimo cha sime ile ile, si ya jirani. Mwenye kisu cha kukunja akimpelekea fundi viatu kisu chake, atashonewa ala ndogo ya kuvaa kwenye mkanda. Iwe na kifuniko chenye kifungo. Na ikae ubavuni. Ikiwa mbele itakuchoma tumboni ukiinama kupalilia. Ikiwa nyuma ya kiuno, ukianguka chali mgongo utaangukia chuma.

Wengi hatuna mkanda wala ala. Tuna mfuko tu. Mfuko wa nyuma wa suruali haufai. Ukikaa juu ya tandiko la baiskeli kisu kinaumiza, na ukichuchumaa kinachomoka. Mfuko wa shati ni mbaya zaidi. Mkulima huinama siku nzima, na kila akiinama mfuko wa shati humwaga. Nimeona visu viwili vikitumbukia kisimani kwa njia hiyo. Wako wanaokiweka ndani ya buti la mpira. Kinachubua kifundo cha mguu, tena mtu anayechomoa kisu kwenye buti huwatisha wenzake.

Mfuko wa mbele ndio mzuri, lakini utengenezwe. Mpelekee fundi cherehani suruali yako ya kazi. Mwambie ashone mfuko mdogo ndani ya mfuko mkubwa, kwenye mshono wa nje, ule unaoteremka ubavuni mwa mguu. Upana uwe wa kisu pamoja na nafasi kidogo. Kina kiwe urefu wa kisu. Kitambaa kiwe kigumu, kama cha jinzi au turubai. Kisu kitasimama wima, mbali na upande wa ndani wa paja. Hakitalala kwa kukingama, hakitagonga simu, hakitachanganyika na sarafu.

Jambo la maana ni namna ya kukiingiza. Tazama kisu kilichokunjwa. Upande mmoja ni mpini mtupu. Upande wa pili una ufa, na mgongo wa ubapa unaonekana. Upande huo wenye ufa uegemee kwenye mshono. Ubapa ukitaka kufunguka utakutana na mshono, utakwama. Mimi huweka mwisho wenye pini juu, ili mkono wangu ukiingia mfukoni ukutane na pini, si ncha.

Wengine hufunga kisu kwa kamba shingoni. Silipendi jambo hili. Michungwa ina miiba na matawi. Kamba ikinasa wakati mtu anashuka mtini, itamkaba. Kamba ikifungwa kiunoni ni salama zaidi. Urefu wake uruhusu mkono kufika kifuani, basi. Ikizidi hapo itaingia kwenye mnyororo wa baiskeli. Hata kama hutumii kamba, funga kitambaa chekundu kwenye mpini. Kisu cha rangi ya udongo kikianguka majanini kitapatikana siku mtoto atakapokikanyaga.

Akina mama wana njia yao. Bibi mmoja huko milimani humenya magome ya mdalasini, na kisu chake hukaa katika pindo la khanga pamoja na fedha. Nilimuuliza kama hakimchomi.

"Mjukuu wangu," akasema, "fedha ndizo hutoroka. Kisu nimekifunga."

Akanionyesha. Kisu alikuwa amekizungushia kitambaa mara tatu, kisha akafunga fundo, kisha ndipo akafunga pindo. Sikuwa na la kumfundisha.

Jasho ni chumvi, na maji ya chungwa ni makali. Vyote viwili hula chuma. Jioni futa ubapa, toa uchafu katika ufa kwa kijiti, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta yakizidi yatanasa vumbi, utarudi kule kule. Usiku kitundike juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kigoda.

Kisu kinachoshinda mfukoni hubeba na magonjwa ya mimea. Ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukagunduliwa kwetu mkoani Kagera. Njia yake moja kubwa ni visu na mapanga. Mtu hukata mgomba mgonjwa, hukunja kisu, huenda kumsaidia jirani, na ugonjwa umefika. Kila ukitoka kwenye shina moja kwenda jingine, pitisha ubapa kwenye moto mpaka uwe wa moto sana. Kama mpini ni wa plastiki na unaogopa utayeyuka, tumia jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu tano za maji. Kisha suuza na ufute, kwa sababu jiki nayo huleta kutu.

Kuna mahali ambapo kisu kibaki nyumbani. Ukienda mahakamani, au kwenye kilabu cha pombe, usikibebe. Sheria yetu, Kanuni ya Adhabu, inakataza kutembea hadharani na silaha bila sababu ya halali kwa namna ya kutia watu hofu. Shambani kisu ni chombo cha kazi, kila mtu anajua. Saa nne za usiku, watu wamekunywa na maneno yamekuwa makali, hakuna atakayekuuliza kama ulikuwa unabebesha miche.

Ndiyo maana mfuko wa kisu tunaushona kwenye suruali ya kazi tu. Ukivua suruali hiyo, kisu unakivua pamoja nayo. Fundi cherehani wa kijiji kile alipokea suruali ya kwanza kutoka kwa kijana wa baiskeli, alipopona. Sasa mkulima akienda kupimwa, fundi huuliza urefu, huuliza kiuno, kisha huuliza, "Na kisu chako kiko wapi, nikipime?"