Staa Wetu, Hilo Jangwa Sio Lako (Na Mimi Nilidanganya Hivyo Hivyo)

Leo simwagi ubuyu wa mtu, namwaga wa kwangu mwenyewe. Ila lazima nianze na mtu.

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina tunaliweka kapuni, wiki iliyopita kapost picha yuko Marekani. Kaegemea gari-nyumba, yale wanayoyaita RV, yenye kitanda, jiko na choo ndani. Nyuma yake jangwa na milima. Kapsheni: "Napumzika shambani kwangu." Mkamwagia makopakopa mpaka simu zikapata moto. Mimi nikazoom. Kwenye kona ya picha kuna kibao kidogo cha serikali kinasema mwisho wa kukaa hapo ni siku 14.

Sasa shamba gani hilo linalompa mwenyewe siku 14 tu?

Vibao hivyo navijua vizuri. Nipo Phoenix, Arizona, mwaka wa tatu sasa, napakia mizigo ghalani usiku. Hayo ni maeneo ya umma. Kuna ofisi ya serikali inaitwa BLM (tulia, sio ile ya maandamano), inasimamia ardhi kama ekari milioni 245, nyingi zipo majimbo ya magharibi na Alaska. Yaani ukijumlisha yote inaizidi Tanzania nzima kidogo. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo unaruhusiwa kwenda kupiga kambi bure. Hulipi kiingilio. Unakaa mpaka siku 14, halafu unahama uwapishe wengine.

Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupiga ile picha. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilishaipiga.

Mwaka juzi jamaa mmoja kazini alikuja na RV yake, nikaegemea, nikapigwa picha tatu kali. Nikapost: "Chuma kipya kimeingia." Basi. Likes zikamiminika, mademu walioninyima namba tangu form two wakaanza kunisalimia. Nikajiona nimetoboa.

Nilichosahau ni kwamba Insta haiangaliwi na mademu tu. Jirani yetu Tanga akamuonyesha bi mkubwa ile picha. Bi mkubwa akamuonyesha mjomba. Mjomba akanipigia kuomba ada ya mwanawe wa chuo cha ufundi. Ningemwambia vipi sina, na chuma kipya kimeingia? Nikamwambia nitatuma kesho. Hiyo kesho ikawa inasogea kila siku.

Mwaka huu dada yangu tunayeishi naye mji mmoja akajifungua, bi mkubwa akapata viza akaja kumlea mzazi. Wiki ya pili tu, tunakunywa chai, akaniuliza, "Mwanangu, lile gari lenye nyumba liko wapi? Nataka nilale humo hata siku moja, nikirudi niwasimulie."

Wadau, chai ilinipalia.

Ndio nikaanza kupanga safari ya kuficha uongo. Nikatafuta RV ya kukodi, futi 25, dola 140 kwa siku, na leseni ya kawaida inatosha kuiendesha. Nikapanga usiku tano jangwani karibu na mji mdogo unaitwa Quartzsite, kilomita 200 hivi magharibi ya Phoenix. Ni kama Dar mpaka Moro, ila kwa barabara ya huku unatumia kama masaa mawili. Mji ule una wakazi elfu chache tu, lakini msimu wa baridi wazee wastaafu wanaokimbia theluji wanajazana na RV zao mpaka jangwa linakuwa kama maegesho ya uwanja wa Mkapa siku ya watani wa jadi.

Mpango wangu wote ulikuwa picha. Sehemu gani jua linazama vizuri, nivae nini, spika ikae wapi. Nikamsomea bi mkubwa kwa mbwembwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Na maji?"

Nikanyamaza.

"Umesema ni jangwa, hakuna bomba, hakuna kisima. Maji tunatoa wapi? Na ya chooni yanakwenda wapi? Gari lako hili, hujui linajazwa maji kiasi gani?"

Hapo nikaishiwa. Nikamwambia ukweli wote, gari sio langu, sijawahi kulala ndani ya RV hata usiku mmoja, napakia maboksi. Nilitegemea alie au anitukane. Akanywa chai yake taratibu.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa najiuliza ghorofani kwenu hapa unaliegesha wapi." Halafu uso ukabadilika. "Ila mjomba wako umemwambia? Maana yule kijana alikosa muhula akisubiri hela yako. Wangejua huna, wangeuza hata mbuzi."

Nilikuwa sijui, wallahi. Nilidhani uongo wangu unaniumiza mimi tu, kumbe kuna mtoto wa watu alikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya kapsheni yangu.

Nikampigia mjomba pale pale, bi mkubwa ananiangalia. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akakaa kimya muda mrefu, nikajua laini imekatika. Mwishowe akasema, "Sawa baba. Next time sema huna." Akakata.

Tukakata safari kutoka usiku tano mpaka tatu. Dola 280 zilizobaki nikamtumia mjomba asubuhi yake. Haikutosha ada yote, ila niliituma siku ile ile niliyoahidi.

Baada ya hapo bi mkubwa akachukua kalamu, akapanga yeye. Mtu aliyebeba ndoo kichwani tangu ana miaka saba humfundishi kitu kuhusu maji. Hii hapa, kama na wewe unaota safari kama hiyo.

Maji kwanza. Tenki la RV yetu lilikuwa kama lita 150. Inaonekana nyingi, ila ukioga bomba la mvua kama uko hotelini linakauka siku ya pili. Tukaoga kwa kopo. Maji ya kunywa tukayaweka pembeni kwenye madumu, lita nne kila mtu kwa siku, na tukaongeza ya siku moja ya ziada.

Pili, uchafu. RV ina tenki la maji ya kuoshea vyombo na kuogea, na tenki la choo. La choo ni marufuku kumwaga chini, unapigwa faini. Kuna vituo maalumu vya kumwagia, unalipia. Tafuta kituo chako kabla hujatoka nyumbani. Takataka zote unarudi nazo.

Tatu, umeme. Hakuna pa kuchomeka. Unaishi kwa betri, sola au jenereta, friji linatumia gesi. Kiyoyozi kwa betri za kawaida sahau. Ndio maana watu huenda kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, utaiva. Ila usiku wa Februari ni baridi kweli kweli. Bi mkubwa alibeba mablanketi manne nikamcheka. Usiku wa kwanza nikamuomba moja.

Nne, pa kuegesha. Usiegeshe kwenye korongo hata kama ni pakavu na pazuri kwa picha. Mvua ikinyesha milimani huko mbali, maji yanakufikia wewe bila hata wingu kichwani. Arizona wana sheria wanaiita ya dereva mjinga: ukipita kizuizi ukaingia barabara iliyofurika, gharama za kukuokoa wanaweza kukudai. Na kabla ya kuingia njia ya mchanga, shuka utembee kwa miguu. Gari zito likizama, umeisha.

Tano, mtandao. Sehemu nyingi hakuna. Pakua ramani mapema, na acha mtu anayejua ulipo. Sisi tulimuachia Mkenya ninayekaa naye: Jumatatu saa sita mchana hatujapiga, ita msaada.

Sita, usikate ile mikakati mirefu yenye mikono kama mtu kanyoosha juu. Ni kosa la jinai.

Tukaenda. Asikwambie mtu, kule usiku ni kimya mpaka unasikia mapigo yako, na nyota zimejaa kama mtu kamwaga mchele. Bi mkubwa akapika wali wa nazi ya kopo, mzee wa RV ya jirani akafuata harufu, akala sahani mbili. Hawakuelewana hata neno moja na walicheka usiku mzima.

Siku ya kurudi tukapita makaburi ya Quartzsite. Kuna kaburi limejengewa piramidi ya mawe, juu yake sanamu ya ngamia. Wamarekani wanamuita Hi Jolly. Nikamsomea bi mkubwa maelezo: alitoka himaya ya Waturuki akaletwa mwaka 1856 kuongoza ngamia wa jeshi la Marekani katika jangwa hili, akafariki 1902. Jina alilokuja nalo ni Hadji Ali, ulimi wa Wamarekani ukashindwa.

"Haji Ali?" bi mkubwa akashtuka. "Mwenzetu huyu!" Akajitanda khanga, akamsomea Fatiha pale pale. Akasema, "Maskini, kafika mbali hivi mpaka jina lake likapotea."

Sikumjibu. Niliendesha mpaka Phoenix nikiiwaza ile sentensi.

Tulipopata mtandao nilifuta ile picha ya zamani, nikapost ya bi mkubwa ameshika dumu la maji mbele ya RV. Kapsheni: "Gari la kukodi, ardhi ya umma, mama ni wangu." Likes hazikufika hata robo. Mjomba aliweka kopa moja. Kijana wake muhula unaoanza anarudi chuo, ada iliyobaki namalizia mwezi huu.

Kwa hiyo staa wetu, sikuchukii. Picha ni kali. Ila kama nyumbani kuna mtu anasubiri kesho yako, mpigie leo umwambie ukweli.

Haya wadau, na nyie mtiririke kwenye komenti. Uongo gani wa picha ulishawahi kukugharimu?