Kutunza Maji ya Pisini Mpya Hapa Manika

Msishangae kuona mwalimu wa katekismo akiandika juu ya pisini. Kazi yetu ya Dominika yajulikana; lakini siku nyingine za juma yatupasa kutafuta chakula cha watoto kama watu wote wa Manika. Mwezi wa Agosti 2023 mwenye nyumba moja ya wageni katika komini yetu alimaliza kujenga pisini, yaani bwawa la kuogelea, akatafuta mtu wa kuitunza. Alikuwa amesikia kwamba tulisoma kemia seminarini. Basi akatuita, akatupa funguo, ndoo za dawa, na kisanduku kidogo cha kupimia maji. Tukakubali upesi kuliko ilivyofaa.

Pisini hiyo ina urefu wa meta 12, upana wa meta 5, na kina cha meta 1 upande mmoja na meta 2 upande wa pili. Mwenye kujua hesabu ataona kwamba ni litri 90,000. Ilijazwa kwa maji ya foraji, usiku na mchana bila kusimama, maana ukisimamisha maji katikati, huacha mstari juu ya ukuta wa sima mbichi, na mstari huo hautoki. Jambo hilo tulilifanya vizuri. Mengine tuliyafanya vibaya.

Juma la kwanza maji yalikuwa safi, hata sarafu ikianguka upande wa kina ungeisoma. Juma la pili yakaanza kugeuka kijani. Sasa, hapa Kolwezi mtu yeyote akiona kitu cha kijani husema: ni shaba. Tumezaliwa juu ya mawe ya malakiti, tumeyachezea tukiwa watoto, kwa hiyo hatuna jibu lingine. Mlinzi akasema foraji imegusa jiwe la shaba. Mpishi akasema vivyo hivyo. Na sisi tuliosoma tukaitikia pamoja nao.

Lakini iko njia nyepesi ya kujua. Chota maji katika ndoo nyeupe, tia klori kidogo, ngoja. Kijani kikipotea, ni mwani, ndiyo yale majani madogo mno ya maji yasiyo na mizizi. Rangi ikikaa au ikizidi, ni madini. Tena maji yenye shaba huwa ya kijani lakini hung'aa kama kioo, na yenye mwani huwa na ukungu. Tulijaribu jioni, asubuhi maji ya ndoo yalikuwa meupe. Hayakuwa ya shaba hata kidogo.

Basi tukatia klori. Kisanduku kikaonyesha klori ya kutosha, miligramu 3 katika kila litri, na maji yakabaki kijani. Tukatia tena. Klori yenyewe ni ghali, na patroni alikwisha kuanza kuuliza kila asubuhi. Harusi ilikuwa imepangwa kufanyika hapo baada ya siku kumi na mbili.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha shaba. Alikuja kutazama tu, kama wazee wanavyotazama kazi za watu. Akauliza:

«Mwalimu, ukuta huu umepakwa nini?»

«Sima, Baba.»

«Na sima si ndugu ya chokaa? Kule kiwandani asidi ilipozidi tulitia maziwa ya chokaa, na ukali wake ukafa. Wewe umeyaweka maji yako ndani ya chungu cha chokaa, tena unashangaa dawa haifanyi kazi.»

Tuliona haya. Tangu siku ya kwanza hatukupima pH tena, kwa kuwa siku ya kwanza ilikuwa njema. Tukapima pale pale mbele yake: tone jekundu likageuka zambarau, mwisho kabisa wa kipimo, zaidi ya 8.

Kipimo hiki cha pH kilitungwa na mtaalamu Sørensen, mjini Copenhagen, mwaka wa 1909. Saba ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni kama majivu na chokaa. Maji ya kuogelea yatakiwa kukaa kati ya 7.2 na 7.8. Sababu si macho ya waogeleaji tu. Klori ikiingia majini hugawanyika namna mbili: moja huua vijidudu kwa nguvu, ya pili ni mvivu. Kwenye 7.5 karibu nusu ni ya ile yenye nguvu. Kwenye 8 imebaki kama robo. Kisanduku cha kupimia huhesabu zote mbili pamoja, kama karani anayehesabu vibarua wote waliofika kazini bila kuangalia nani amelala chini ya mwembe. Hivyo tulikuwa na klori nyingi katika daftari, na kidogo katika maji.

Na pisini mpya ya sima haipandishi pH siku moja tu. Sima hutoa chokaa yake polepole, majuma na hata miezi. Kila siku yatupasa kupima, na kupiga kuta brashi ili vumbi lake litoke na kukamatwa na chujio la mchanga. Pamoja na hayo maji ya foraji zetu mara nyingi ni magumu, kwa maana hupita katika miamba ya dolomia. Maji ya namna hiyo hayakubali upesi kushushwa pH. Tukaanza kutia asidi ya chumvi, kidogo kidogo, upande wa kina, pompi ikizunguka.

Hapa twaja kwenye jambo ambalo hatupendi kulisimulia. Mpwa wetu, kijana wa miaka 17, alikuwa akitusaidia. Asubuhi moja tulimwambia apime asidi katika ndoo. Akachukua ndoo iliyo karibu. Chini yake kulikuwa na unga wa klori uliobaki jana. Sisi ndio tuliouacha, wala hatukuandika neno lolote juu ya ndoo. Tulisikia sauti moja tu, «Mjomba!», tukamwona akirudi nyuma amefunika uso, na moshi wa rangi ya kijani na manjano ukitambaa sakafuni. Ndiyo hewa ile ile ya klori iliyotumwa juu ya askari huko Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Tulimvuta nje upande upepo unakotoka. Alikohoa siku tatu, na usiku wa kwanza tulikaa naye kwenye zahanati tukisikiliza pumzi yake. Mama yake, dada yetu, hakutulaumu. Ingekuwa nafuu kama angetulaumu. Tangu siku ile ndoo ya asidi ni nyekundu, ya klori ni nyeupe, na vyumba vyake ni viwili, kila kimoja na kufuli lake. Ukichanganya asidi na maji, tia asidi ndani ya maji, usimwage maji juu ya asidi.

Kwa ufupi, pH ilishuka hadi 7.4, mwani ukafa kwa usiku mbili, harusi ikafanyika.

Lakini mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuingia, mabomba ya mtaa wetu yakakauka siku nne. Wamama wakaja langoni na bido zao za manjano za litri 20. Mama mmoja tunayesali naye akasema: «Mwalimu, wewe una maji mengi ya kuchezea, na sisi watoto hawajanawa.» Tulimjibu kwa kemia: kwamba maji ya pisini si ya kunywa, kwa sababu yana jasho la watu na dawa zinazobaki na kulimbikizana. Ni kweli kabisa. Lakini halikuwa jibu la alichosema, naye alijua. Akatazama pisini, akatutazama, akaketi juu ya bido yake.

Usiku ule tulifanya hesabu ambayo hatukuombwa. Litri 90,000 ni bido 4,500. Tena tulikuwa tumeweka alama ya penseli juu ya karo ili kujua kama ukuta unavuja. Maji yalishuka milimeta 5 kwa siku, na ndoo iliyojaa maji tuliyoiweka juu ya ngazi ya pisini ilishuka sawasawa. Basi hapakuvuja, jua na upepo ndio walikunywa. Milimeta 5 juu ya pisini ile ni litri 300. Kila siku bido 15 zilipanda mbinguni, na sisi tulizirudisha kutoka foraji ile ile.

Asubuhi tulimwendea patroni. Hatukumwambia habari za huruma, maana ana zake, nasi si waamuzi. Tulimwambia habari za klori: kwamba bila kinga jua la mchana laweza kula nusu yake kwa saa moja au chini, na kwamba turubai ikifunika pisini wakati hakuna wageni, klori itadumu na maji hayatapungua. Kisha tukasema: «Patroni, zile bido 15 ambazo foraji haitazirudisha tena pisini, waruhusu wamama wazichote kwenye robine ya bustani.» Alinyamaza kidogo. Akauliza kama tuna hakika juu ya 15. Tukamwonyesha alama ya penseli. Akasema saa moja tu, jioni, na wasiingie zaidi ya robine.

Wamama tuliwaonyesha pia kutia dawa maji ya kunywa, ikiwa wanayo ile dawa ya kufulia isiyo na manukato, ya klori asilimia 5 au 6: matone 2 kwa litri moja ya maji maangavu, ndiyo 40 kwa bido, kisha kungoja nusu saa. Mama yule alicheka, akasema kumbe dawa ni ile ile ya pisini. Ni ile ile.

Mabomba yalirudi siku ya tano, lakini mapatano ya robine hayakufutwa, wala sisi hatukumkumbusha mtu kuyafuta. Katika daftari la pisini tuliongeza mstari mmoja chini ya pH na klori. Siku ya mvua ya kwanza umeandikwa hivi: pH 7.4, klori 2, bido 17.