Jahazi la Mawe

Mama alinipigia simu nimesimama katikati ya ziwa, juu ya maji. Beijing ilikuwa saa tisa alasiri, Unguja saa nne asubuhi, na yeye keshamaliza kuchagua mchele, anatafuta mtu wa kuzungumza naye. Nikamgeuzia kamera aone.

"Hiyo bahari imefanywa nini?"

"Ni ziwa, mama. Limeganda."

"Na wewe wafanya nini juu yake?"

"Natembea."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, maji hayaaminiki. Toka hapo."

Sikutoka. Huu ni mwaka wangu wa tisa Beijing, na kila Januari huja hapa Yiheyuan, bustani ya wafalme iliyoko kaskazini-magharibi ya mji, pale barafu ya Ziwa Kunming inapokuwa nene kiasi cha kubeba watu. Siku ile ilikuwa nyuzi saba chini ya sifuri. Kwetu watu hutoa masweta ya kipupwe kwa nyuzi 23, sasa fikiri mwenyewe. Nilikuwa na makoti mawili na soksi jozi tatu, na masikio nilishayasahau. Mbele yangu watoto wamekaa kwenye viti vidogo vilivyotiwa vyuma vya kutelezea, kila mmoja na fimbo mbili zenye ncha, wanajisukuma kama wapiga pondo wa Chwaka. Mwanamke mmoja alianguka chali, akabaki amelala anacheka, mumewe anampiga picha badala ya kumnyanyua.

Aliyekulia Jambiani au Paje hahitaji kuelezwa sana. Bahari ya bamvua ikikupwa unakwenda kwa miguu pale ulipoogelea jana, mpaka kwenye mashamba ya mwani, na ngalawa zimelala ubavu mchangani. Ziwa hili nalo lilikuwa limekupwa kwa namna yake. Ila maji ya kwetu hurudi baada ya saa sita, haya hurudi Machi.

Wageni huiita bustani hii Kasri la Majira ya Joto, na wengi huja Julai kukanyagana. Kwangu mimi baridi ndiyo majira yake. Tiketi hushuka kutoka yuan 30 hadi 20, miti imepukutika majani, na lile jengo la Foxiangge lenye urefu wa mita 41 laonekana lote pale mlimani, na vigae vyake vya njano na kijani. Ukisimama kimya utaisikia barafu ikilia chini yako, mlio mrefu kama wa kamba ya tanga inayokazwa.

Mfalme Qianlong aliianza mwaka 1750 ili mama yake atimize miaka 60 ndani ya raha. Ziwa likapanuliwa, udongo ukarundikwa mlimani, na mlima ukapewa jina la Wanshou, yaani umri mrefu. Eneo lote ni karibu hekta 290, na robo tatu yake ni maji. Nilimsimulia mama hayo palepale, nikidhani atafurahi.

"Mtu na mamake," akasema. "Na wewe umenijengea nini?"

Nikamkumbusha mabati ya jikoni. Akasema yanavuja.

Simu ilipokatika niliteleza hadi ukingoni, nikanunua kijiti cha tanghulu kuuchangamsha mdomo. Ni vitunda vyekundu vilivyochomwa kwenye kijiti na kuchovywa katika sukari ya moto, ikipoa inakuwa kama kioo. Uking'ata, kwanza utamu, kisha uchachu unaokukunja uso. Ubuyu mtupu! Nimeishi na watu wengi kutoka nyumbani hapa Beijing, na kila mmoja siku ya kwanza kuonja tanghulu amesema neno hilohilo.

Kutoka hapo unafuata ukumbi mrefu unaoambaa na ufuko, mita 728, boriti zake zimechorwa picha zaidi ya 14,000 za ndege, maua, vita na visa vya kale. Mwisho wake, ukiwa umeshachoka shingo kwa kutazama juu, ndipo unapolikuta jahazi la mawe.

Urefu wake mita 36. Kitako chake cha jiwe ni cha mwaka 1755, cha huyohuyo Qianlong, na juu palikuwa na kibanda cha mbao. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliingia Beijing katika vita vilivyoletwa na biashara ya kasumba. Bustani kubwa ya jirani, Yuanmingyuan, ikaporwa kisha ikachomwa kwa amri ya Lord Elgin, na hii nayo ikaungua, kibanda cha jahazi kikiwemo. Cixi, mjane wa mfalme Xianfeng, aliijenga upya bustani kuanzia 1886 akaipa jina inalolibeba leo, na sehemu ya fedha ilichotwa katika fungu la jeshi la majini. Jahazi lake alilimalizia 1893: ghorofa mbili za mbao zilizopakwa rangi zifanane na marmar, vioo vya rangi madirishani, na ubavuni magurudumu mawili ya mawe kama ya meli za moshi za wakati ule. Mwaka uliofuata, yeye anatimiza miaka 60, Wajapani wakaanza kuzivunja manowari za China.

Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha, akipeleka jahazi Pemba na Tanga. Najua angecheka mpaka akohoe: chombo cha mawe, magurudumu ya mawe, kimefungwa nanga tangu siku ya kwanza, na sasa hata maji yenyewe ni mawe. Mimi nacheka kila mwaka. Mwaka huu kicheko kilikatika njiani kwa sababu nilikumbuka meli yetu.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga makasri ya Sultani pale Forodhani. Meli ya Sultani, Glasgow, iliyojengwa Uingereza kwa fedha za Unguja, ilijibu mapigo na ikazamishwa bandarini. Vita vyenyewe havikutimiza saa moja: vilianza baada ya saa tatu asubuhi, saa nne ilipopiga vimekwisha, na watu wapatao 500 upande wa kasri wameuawa au kujeruhiwa. Kasri la Beit al-Hukm liliteketea. Milingoti ya Glasgow ilibaki ikichomoza majini hadi 1912. Jahazi hili la mawe halijapata kuzama. Meli yetu ilikuwa ikielea kweli.

Nikakaa kwenye ubao wa ukumbini. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya manyoya alisogea, akanipapasa mkono wa koti bila hata kunisalimu.

"Umevaa kidogo," akasema.

Wazee wa Beijing ndivyo walivyo, wanakugombeza kwa mavazi kama walikuzaa. Nikamwambia yapo mawili. Akasema yaliyopo ni ya watoto. Akauliza natoka wapi, nikasema Tanzania, na hapohapo akataja reli, ile ya Dar es Salaam hadi Zambia iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Wa umri wake hawakosi kuitaja. Hakuwahi kufika huko, lakini alizungumza kama aliyeishika nyundo.

Aliniambia huja kila siku. Wazee wa mji huingia bila kulipa. Wengine huja na vinanda vyao, wengine huimba kwaya na glavu mikononi, yeye hutembea ukumbi wote kwenda na kurudi halafu hukaa. Nikamuuliza anapenda nini hasa katika kasri hili. Nilitegemea jibu la picha za boriti au historia.

"Hapa hapana upepo," akasema, "na jua linafika."

Jibu lile nilitembea nalo. Karibu na lango la mashariki kuna Yulantang, ukumbi alimofungiwa Mfalme Guangxu baada ya Cixi kuyazima mageuzi yake mwaka 1898. Kuta za matofali alizojengewa kuziba njia zingalipo. Unafungua mlango wa pembeni, badala ya chumba unakutana na ukuta, na jahazi la mawe linasahaulika mara moja. Nje ya uwanja huohuo bibi watatu walikuwa wanapasha miguu kwa kuruka kamba. Hakuna aliyewaambia kuwa hapo ni mahali pa huzuni.

Bustani hii imeungua 1860, ikaharibiwa tena 1900 na majeshi ya nchi nane, ikatengenezwa 1902, na tangu 1998 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sidai kuwa wazee wa kukaa juani ndio waliolipia vigae. Serikali imelipa, na imelipa sana. Ninachosema ni kwamba vigae vikidondoka hapa, kesho yake asubuhi watu elfu wataona.

Sasa la kwetu. Kasri la Beit al-Ajaib, palepale Forodhani, lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, likasalimika mizinga ya 1896, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka likiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Picha zilinifikia simuni nikiwa jikoni napika wali. Nikakaa chini, wali ukaungua.

Na mimi humo ndani niliingia mara moja tu maishani, na skuli, tumepanga mstari. Palikuwa makumbusho wakati huo. Uwanjani pale ndani palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kikubwa, tanga lake la mkeka. Nilitaka kugusa ile mishono. Mwalimu akatuhimiza, nikamwambia mwenzangu tutarudi siku nyingine tuutazame vizuri. Kutoka kwetu Kikwajuni hadi pale ni mwendo wa kunyoosha miguu tu. Sikurudi. Kuja kulitazama jahazi la mawe la Cixi napanda treni ya chini ya ardhi, laini ya 4, saa nzima nimesimama, na nimefanya hivyo miaka tisa.

Msije mkaniambia sisi hatupendi pahala petu. Forodhani jioni panajaa kuliko ziwa hili: urojo, mishkaki, watoto wanajirusha baharini kutoka ukutani hadi giza. Bustani tunaitumia. Kasri tumelipa mgongo. Lilikuwa la mtalii, na la skuli mara moja kwa mwaka, na mzee wa Malindi aliyetaka pahala pasipo upepo hakulifikiria kabisa.

Kama saa kumi hivi watu wote ziwani wakaanza kuelekea upande mmoja. Siku chache kabla na baada ya tarehe 21 Desemba, hadi mwanzo wa Januari, jua la Beijing hushuka chini kiasi kwamba linapenya chini ya lile daraja refu la matao 17, mita 150, na matao yote huwaka ndani rangi ya dhahabu kwa dakika chache. Wapiga picha walikuwa wamepanga miguu ya kamera tangu mchana, vidole vimevimba. Juu ya daraja wamekaa simba wa mawe 544. Nikampigia mama tena, nikamwelekezea kamera darajani.

"Pazuri," akasema. Alitazama kwa muda. "Umeshatoka kwenye maji?"

"Nimetoka, mama."

"Vaa kofia."

Wewe unayesoma haya ukiwa Unguja, nina ombi moja. Kasri la Maruhubi alilijenga huyohuyo Barghash kwa ajili ya masuria wake, likaungua mwaka 1899 na halikujengwa tena. Nguzo zake zingalipo, na hamamu, na miembe, na bahari mbele. Alasiri moja panda gari ya Bububu, mwambie konda akushushe hapo, ukae kwenye kivuli cha nguzo ule ubuyu wako. Usingoje wageni wala skuli.