Kifaa cha Manjano

Naanza kwa kuwajibu wale wanaotuona Jumamosi jioni tukizunguka nyuma ya maabara, macho kwenye kiganja, wakatucheka: "Jamani, hawa wamepoteza nini?" Hatujapoteza kitu. Tunatafuta vikopo ambavyo sisi wenyewe, wanachama wa Chama cha Jiografia, tumevificha. Na kile tunachokikodolea macho ni kifaa cha GPS, cha rangi ya manjano na nyeusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili ameniomba nieleze tulivyokichagua na tunavyokitumia. Mimi ndiye mtunza vifaa, kwa hivyo sina pa kujificha.

Mchezo wenyewe huitwa jiokashi, na ulizaliwa Marekani mwaka 2000. Hadi wakati huo jeshi la Marekani, lenye setilaiti hizo za GPS, lilikuwa likiyavuruga makusudi mawimbi ya raia, hata kifaa cha mkononi kikaweza kukosea kwa mita 100. Tarehe 1 Mei mwaka huo Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uvurugaji huo ungekoma, na usiku ule ule ukakoma. Tarehe 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo nyeusi porini katika jimbo la Oregon. Ndani yake alitia vitabu, kanda za video, manati na hata mkebe wa maharagwe! Kisha akatangaza namba za mahali hapo kwa yeyote mwenye kifaa. Sharti lilikuwa: chukua kitu, acha kitu, andika jina lako. Haikuchukua wiki nzima ndoo ikapatikana. Leo visanduku vya namna hiyo vimezidi milioni tatu duniani, na hapa Kenya vipo vile vile. Vyetu ni vya humu shuleni na milima ya karibu tu.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Fedha zetu zilitokana na sukuma wiki. Mihula miwili mizima tulimwagilia, tukapalilia na kuwauzia walimu na majirani, kwa hivyo msishangae mkutano wetu uligeuka bunge. Kulikuwa na kambi tatu.

Kambi ya kwanza ilitaka simu. Hoja zao zilikuwa na uzito, nisiwapunje. Simu ya kisasa ina GPS ndani yake, nayo haihitaji vocha ili ijue ilipo, maana inasikiliza setilaiti wala si mnara wa simu. Ramani ndiyo inayohitaji intaneti, nayo waweza kuipakua mapema. Lakini si mnajua sheria za shule? Mwenyekiti wetu alipokwenda ofisini kulieleza jambo hilo alijibiwa kwa sentensi moja: "Simu ni simu, hata mkiiita dira." Na hata bila marufuku hiyo, mimi nisingeipigia simu kura. Mwangaza wa kioo na GPS vikiwaka pamoja hula chaji kama siafu. Mvua ya saa tisa ya huku kwetu hufanya kioo cha kugusa kisisikie kidole. Na simu ikishaanguka juu ya mawe ya Maragoli, hiyo tena ni hadithi ya matanga.

Kambi ya pili ilitaka kifaa cha bei kubwa, chenye dira ya umeme na kipima-hewa cha kusaidia kujua urefu wa mlima. Kizuri, hakuna anayebisha. Ila kingemaliza fedha zote, tukose hata za betri.

Kambi ya tatu, ambayo nilikuwa mmoja wao, ilikuwa imesikia habari za mtu aliyefanya kazi ya kupima visima na sasa anauza Garmin eTrex 10 yake. Hii ni aina iliyotoka mwaka 2011. Kioo chake hakina rangi, ramani iliyomo ni ya kijuujuu mno, na hakina dira ya umeme. Lakini hutumia betri mbili za AA, zile za kawaida kabisa ambazo kila duka linauza, kampuni ikisema zitadumu hadi saa 25. Vitufe vyake hubonyezeka hata mikono ikiwa na matope. Kikizama kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, hakiharibiki. Tena hakina laini, hakipigi picha, hakina muziki. Mwalimu Mkuu alikigeuzageuza, akauliza mara mbili kama kweli hakiwezi kupiga simu, ndipo akatia sahihi.

Anayetaka kununua kilichotumika na asikilize hapa. Usikijaribu ndani ya nyumba. Kitoe nje penye anga wazi, ukiwashe, ungoje. Kikiwa kimelala kabatini miezi mingi kitachelewa kidogo kupata setilaiti, usikate tamaa upesi. Fungua mlango wa betri uchungulie kutu. Bonyeza kila kitufe. Kisha simama mahali pamoja dakika tano uone kama namba zinatulia au zinakimbia ovyo kama kuku aliyeona mwewe. Sisi tulifanya haya yote huku muuzaji akitutazama kana kwamba tunanunua ndege.

Kuhusu betri: za bei ya kutupa zilikata roho siku ya kwanza kabla ya githeri ya mchana. Sasa tunazo za kuchaji. Ukizitumia hizo, ingia kwenye mipangilio uchague aina yake, la sivyo alama ya chaji itakudanganya.

Kifaa hiki kinajuaje kilipo? Juu kabisa, kilomita zipatazo 20,200, setilaiti zinazunguka dunia mara mbili kwa siku, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa hupima mawimbi yamechukua muda gani kufika, kikapata umbali. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya kifaa ingekuwa sahihi kama zao. Haiko hivyo, ndiyo maana ya nne inahitajika ili kuirekebisha. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosea kwa mita 300! Mimi niliposoma hayo nilikiweka mezani taratibu, kama yai.

Sisi wa huku tuna tabu moja ambayo mtu wa Mombasa hana. Ikweta inapita papa hapa Maseno. Ukiandika N mahali pa S, kifaa hakitalalamika, kitakupeleka tu. Kundi moja la Kidato cha Pili lilipewa kikopo kilichokuwa dakika mbili kaskazini mwa Ikweta, wakaingiza S. Dakika moja ni karibu kilomita 1.85, kwa hivyo mshale ukawaelekeza mahali palipo mbali na kikopo kwa kilomita saba na ushei. Bahati yao waliona umbali kwenye kioo, wakashtuka kabla ya kufika lango la shule. Jambo jingine ni nukta. Wachezaji wa jiokashi huandika nyuzi, kisha dakika zenye desimali tatu. Dakika .300 si sekunde 30, ni sekunde 18. Anayezichanganya anakosea kwa mita kama 370, na hapo utafukua nyasi mpaka jua lizame.

Halafu kuna ramani. Wenzangu wa Jiografia, ile ramani ya 1:50,000 mnayoifanyia mitihani imechorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali kifaa kikitoka kiwandani hutumia WGS 84. Ukichukua namba za kifaa ukazitia kwenye ramani hiyo bila kubadilisha, utajikuta umejichora mita zipatazo 300 kusini mwa mahali uliposimama. Hata Ikweta ya ramani na sifuri ya kifaa si mstari mmoja! Dawa yake ni rahisi: ingia kwenye mipangilio, tafuta Arc 1960, chagua. Ukirudi kwenye vikopo, rudisha WGS 84. Nimeandika hayo kwa herufi kubwa kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mfuko wa kifaa.

Katika kutafuta kwenyewe, mkumbuke kifaa chetu hakina dira. Mshale wake huelewa unakokwenda kwa sababu unatembea. Ukisimama, unazubaa, mara kaskazini mara kwa jirani. Kwa hivyo tembea hatua kumi na tano kwa mwendo wa kawaida, utazame. Chini ya miti mikubwa au kando ya mwamba mawimbi hugonga na kurudi, namba zikayumba. Ukibakiza mita kumi, kiweke mfukoni. Kuanzia hapo ni macho. Tazama kisichokuwa cha kawaida: mawe matatu yaliyopangana vizuri kupita kiasi, kuni zilizolala upande mmoja. Na usitie mkono tunduni kabla ya kifimbo, maana nyoka naye hupenda tunduni. Anayeficha aweke penseli, kwa kuwa wino hauelewani na unyevu, wala asiweke chakula. Kikopo kiandikwe wazi ni cha nani na cha nini. Siku hizi askari akikuta kopo lililofungwa chini ya jiwe ana haki ya kuogopa. Tena mwenye shamba aombwe ruhusa kwanza.

Nikitaja shamba nakumbuka likizo ya Desemba. Mwalimu aliniandikia barua ya ruhusa, nikakipeleka kifaa nyumbani nikafanye mazoezi. Habari zikanitangulia. Siku ya tatu baba mkubwa akaniita chini ya mparachichi, baba mdogo naye akiwa amesimama kando na panga, akisema alikuwa akikata nyasi. Tangu babu afariki walikuwa wakigombania mpaka. Mmoja alisema mstari wa mikonge uko mahali pake, mwingine alisema ulihamishwa. Sehemu yenyewe ya ugomvi ni upana wa hatua tatu, lakini nyinyi wenye mashamba ya Vihiga mnajua hatua tatu ni nini. Ni mahindi ya mwezi mzima.

"Binti yangu," akasema baba mkubwa, "nimesikia mashine yako inazungumza na setilaiti. Setilaiti haina ndugu. Tuonyeshe mpaka, tumalize."

Nilihisi jasho likinitoka. Msichana wa Kidato cha Tatu akabidhiwe kuwagawia wazee shamba! Mama alikuwa mlangoni, akinitazama bila kusema. Kukataa kungeonekana kiburi, na kukubali kungekuwa kuwasha moto.

"Baba mkubwa, baba mdogo," nikasema, "naomba siku moja tu kabla sijasema neno."

Nikakiweka kifaa juu ya mkonge wa kwanza saa moja asubuhi, wote wawili wakitazama, nikaandika namba. Saa sita nikarudia mahali pale pale, bila kusogea hata kidole. Saa kumi na moja jioni tena. Kisha nikachukua kamba nikawapimia chini tofauti ya vipimo vile, uwanjani, ili waione kwa macho yao. Mbali kwa mbali zilikuwa mita tano. Mkonge haukutembea. Kioo chenyewe kilikuwa kimesema waziwazi tangu asubuhi, kosa laweza kuwa mita nne.

Baba mdogo alikuwa wa kwanza kucheka. "Kumbe nayo inabahatisha!"

"Haibahatishi, baba mdogo. Ya kutafuta kikopo mlimani inatosha kabisa. Ya kutafuta hatua tatu haitoshi." Nikawaeleza tulichofundishwa: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, inampa msajili wa ardhi kazi ya kuamua mzozo wa mpaka wa namna hii. Hata mahakama haiupokei kabla yeye hajaushughulikia. Naye huita pande zote mbili. Baba mkubwa alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akamwambia baba mdogo amshikie ile kamba waikunje.

Barua ya kwenda kwa msajili waliiandika pamoja wiki iliyofuata, mimi nikiwa karani. Mpaka naandika makala haya hajafika. Mikonge bado iko pale, na panga limerudi kwenye nyasi. Juzi baba mdogo aliniletea salamu shuleni, akaniuliza kama kifaa kinaweza kumtafutia ng'ombe aliyepotea. Nikamwambia ndiyo, ikiwa ng'ombe atakibeba.

Mwisho kuna tangazo. Kikopo cha saba hakijapatikana tangu muhula wa kwanza. Namba zake ziko kwenye ubao wa chama, kando ya mlango wa maktaba. Njooni na penseli yenu, ile iliyomo ndani nahisi imeisha. Na ni S, si N.