Simu ya Mkononi na Somo la Masimulizi

Aghalabu zana mpya inapobisha hodi shuleni, walimu hugawanyika pande mbili. Wako wasemao kuwa itaua mila, na wako waipokeao kwa furaha kwa kuwa mila hizo zimewachosha. Sisi tuliofundisha kwa miaka kadhaa katika sehemu za Masasi na Newala tumeona jambo jingine: mara nyingi chombo kipya huamsha haja ya kale iliyokuwa imelala tu.

Tuchukue redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania, kwa muda wa majuma 12, katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Wengi huitaja kampeni hiyo kuwa ni ushindi wa redio. Kwa maoni yetu sifa hiyo imekosea njia. Redio ilinena, kisha ikanyamaza. Vyoo vilichimbwa kwa sababu ya mazungumzo yaliyofuata, kijitabu kiliposomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma naye asikie, na watu wakaulizana nani aanze na lini. Hilo lilikuwa baraza, nalo babu zetu walilijua kabla ya betri. (Betri zenyewe, wasomaji wa rika letu watakumbuka, zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu zaidi.)

Simu ya mkononi imefanya vivyo hivyo. Ujumbe mfupi wa maandishi ulikuwa na nafasi ya herufi 160, na ulipozidi hapo ulilipiwa tena. Kwa hiyo watu wakajifunza kukata salamu. Kijana aliyeko Dar es Salaam alimwandikia mama yake aliyeko Newala maneno matano, na matatu kati ya hayo yalihusu fedha. Mwaka 2013 WhatsApp ikaleta ujumbe wa sauti, na baada ya muda salamu zikarejea zote: hodi, hali ya wazee, mikorosho, mvua, msiba wa jirani, ndipo haja yenyewe. Mjumbe wa kale, aliyekariri maneno akaenda nayo kwa miguu na kuyatoa kwa kiimbo cha aliyemtuma, amepata mrithi. Na bibi asiyejua kusoma hana tena haja ya kumwita mjukuu amsomee siri zake.

Jambo hili lamhusu mwalimu wa Kiswahili moja kwa moja. Tulipokwenda Lukuledi kuwasimamia walimu-wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, mmoja wao aliingia darasani na simu yake ili afundishe ngano. Alikuwa amemrekodi bibi mmoja wa kijijini, kwa idhini yake, akisimulia habari za sungura na fisi. Akaiachia rekodi yote, mwanzo hadi mwisho. Watoto walitulia tuli. Mwenzetu aliandika katika daftari la usimamizi kuwa nidhamu ilikuwa nzuri sana. Sisi tulikitilia mashaka kimya kile. Ngano haisikilizwi kimya. Ina wimbo, ina kiitikio, ina "Paukwa" inayodai "Pakawa". Katika rekodi ile bibi alisema, akangoja, akaendelea; na alipokuwa akingoja hapakuwa na wa kumjibu.

Tulimwuliza kijana yule swali moja tu: bibi alikuwa akimngoja nani? Kesho yake aliisimamisha simu kila ilipofika mahali pa wimbo. Mara ya kwanza watoto walitazamana. Mara ya pili msichana mmoja wa nyuma akaitika, na mara ya tatu darasa zima. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kimakua, na mwalimu, mzaliwa wa Mbeya, hakuujua. Ikabidi watoto wamweleze maana yake kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, huku wakisahihishana. Hatujapata kuona zoezi bora zaidi la kujieleza, wala halikuwamo katika andalio la somo.

Wako watakaotaja gharama. Simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima, kama redio moja ilivyotosha kikundi, na hatuombi kanuni inayowazuia wanafunzi kuja na simu shuleni iguswe. Linalotukera ni jingine. Ngano ikishaingizwa simuni, yuko atakayedhani kuwa imehifadhiwa. Aliyehifadhiwa ni msimulizi peke yake. Waitikiaji wamebaki nje, nao ni nusu ya ngano. Mwalimu asiyewatafuta waitikiaji hao amefundisha sauti, hakufundisha masimulizi.

Kabla ya kuondoka, kijana yule aliwarekodi watoto wakiitika, akampelekea bibi. Bibi alisikiliza mara mbili, akacheka, kisha akasema kiitikio cha mwisho wamekikosea, na akataka waletwe kwake.