Kadi ya Marehemu

Wasomaji wa jarida hili watanisamehe ikiwa safari hii sitaandika juu ya ngeli wala mizani ya shairi. Nataka kusimulia habari za mtambo wa kuchezea uliokaa miaka kumi juu ya kabati langu, umefunikwa kitambaa, na jinsi mtoto wa mdogo wangu alivyonilazimisha kuushusha.

Mtambo wenyewe ni PlayStation 2. Kila aliyelea vijana katika miji yetu anaufahamu. Ulitoka Japani mwaka 2000, ukauzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na hapa Bujumbura ulijaa katika vibanda ambamo vijana walilipa kwa kila mechi. Mdogo wangu alinunua wa kwake mwaka 2008, ule wa umbo jembamba, kwa mshahara wake wa kwanza. Nilimkaripia. Nilimwambia kwamba mtu mzima mwenye kazi hanunui kitu cha watoto. Alicheka, akaniambia, "Kaka, wewe una vitabu vyako."

Visahani vya michezo alivinunua katika soko kuu. Mwezi wa Januari 2013 zilitoka habari kwamba mtambo ule hautengenezwi tena popote duniani, na mwezi huo huo, tarehe 27, soko kuu likaungua. Mwaka uliofuata mdogo wangu akafariki dunia, akaacha mtoto wa miaka mitatu. Baada ya arobaini, shemeji alikuja na mtambo ndani ya mfuko, akasema, "Shemeji, niwekee hiki. Mtoto atakivunja." Nikauweka juu ya kabati.

Mtoto huyo alitimiza miaka 13 mwaka 2024. Alikuja kwangu wakati wa likizo kubwa, akapanda kiti, akaushusha mtambo bila kuniuliza. Aliuunganisha na televisheni. Taa ndogo ya kijani ikawaka, kisahani kikazunguka, kikalia kama mchanga katika sufuria, kisha maandishi yakatokea kwamba kisahani hakisomeki. Tulijaribu vingine vitano. Jibu lilikuwa lile lile.

Tukaenda Buyenzi. Asiyeujua mtaa ule na aelewe kwamba ni kitovu cha Kiswahili katika mji wetu, na pia ni makao ya mafundi. Gari, redio, cherehani, vyote hufunguliwa kando ya njia. Fundi tuliyempata alikuwa kijana asiyezidi miaka thelathini. Aliupindua mtambo, akasoma namba iliyo chini yake kabla ya kushika bisibisi. Namba ilianza kwa 77. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatueleza kwamba mitambo iliyotengenezwa mwishoni kabisa, mingi yake ikiwa ya namba zinazoanzia 90, hukataa kazi aliyotaka kuifanya. Wa kwetu haungekataa.

"Jicho limechoka, Mwalimu," alisema. Maana yake ni ile leza inayosoma kisahani. "Naweza kutafuta jingine, lakini yaliyobaki ni ya kung'oa katika mitambo mingine, nayo yamechoka vilevile. Afadhali tuache kisahani kabisa, tupakie mchezo kwa flashi."

Nilimwomba anieleze, nami nitaeleza kama nilivyoelewa. Mtambo ule una matundu mawili ya USB upande wa mbele, lakini kwa asili yake haukubali kuanzisha mchezo kutoka humo. Umefundishwa kutii kisahani tu. Watu wenye ujuzi wametunga programu ambayo huwekwa katika kadi ya kumbukumbu, ile kadi ndogo ambamo mchezaji huhifadhi hatua aliyofikia. Mtambo unapowashwa huipitia kadi kwanza, huikuta programu, nayo huufungulia mlango wa flashi. Programu ya pili huuhadaa mchezo uamini kwamba unasomwa kutoka kwenye kisahani. Hakuna waya unaokatwa wala risasi inayoyeyushwa.

Hapa mwalimu wa lugha aliamka ndani yangu. Neno kupakia kwetu ni la bandari: unapakia shehena, chombo kinaondoka nayo kwenda Kigoma. Lakini mchezo hauhamii ndani ya mtambo. Unabaki kwenye flashi, na mtambo huchota kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa mtungini kwa kikombe. Kikombe chenyewe ni kidogo, kwani matundu yale ni ya USB ya zamani, isiyopitisha zaidi ya megabaiti moja na nusu kwa sekunde, ilhali kisahani kilisomwa kwa kasi inayozidi hiyo mara tatu. Nilimwambia fundi kwamba kusoma lingekuwa neno sahihi zaidi. Alinitazama kwa heshima, akaendelea kusema kupakia.

Kisha akaomba kadi. Mtoto akaitoa mfukoni: kadi nyeusi ya megabaiti 8, iliyobandikwa kipande cha karatasi chenye herufi za mwanzo za jina la marehemu kwa mwandiko wake. Fundi akaitazama katika mtambo mwingine, akasema imejaa, na programu yake haipati pahali. Hakuwa na kadi nyingine siku ile. "Tufute vitu vya zamani?" aliuliza.

Nikasema, "Futa."

Nalisema upesi, kama ninavyofuta ubao mwisho wa kipindi. Mtoto hakusema neno. Alinyoosha mkono, akachomoa kadi, akaifunika kwa viganja viwili. Fundi aliinama, akajishughulisha na bisibisi zake. Nilipomwuliza mtoto ana nini, alijibu kwa sauti ndogo, "Baba mkubwa, hivi ni vya baba."

Nyumbani kwangu kuna kopo la bati lenye barua za mdogo wangu tangu alipokuwa shule ya bweni. Nimezisoma mara nyingi. Yumo barua mojawapo akiomba viatu, na nyingine akiomba radhi kwa sababu ya viatu vile vile. Mtoto huyu hakuandikiwa barua. Wakati baba yake anaondoka alikuwa hajajua hata kushika kalamu. Na mimi, mwenye kopo, ndimi niliyesema futa. Nilikuwa sijapata kufikiri kwamba mtu aweza kuacha mwandiko wake ndani ya mchezo wa mpira.

Tukarudi mikono mitupu. Kadi mpya ilipatikana baada ya wiki tatu, nayo ya kwanza ilikuwa ya kuiga, ikakataa programu. Ya pili ikakubali. Mtambo una nafasi mbili za kadi, kwa hiyo mpya iliwekwa nafasi ya kwanza na ya marehemu nafasi ya pili, bila kuguswa. Jambo rahisi kama hilo fundi angetueleza siku ya kwanza, kama ningempa muda.

Fundi alikuwa na mchezo wa mpira katika flashi yake. Aliuwasha. Filamu ya mwanzo ilikwenda kwa kusitasita, muziki ukikwamakwama kama mtoto anayesoma kwa silabi. Hiyo ndiyo kazi ya kile kikombe kidogo. Mpira wenyewe ulipoanza ulikwenda sawa. Lakini kadi ya pili ilipotafutwa, mchezo ukasema hauna chake humo. Mtoto aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyefuta.

Fundi akafungua orodha ya yaliyomo kadini, akatuonyesha. Kila kitu kilichohifadhiwa hubeba namba ya mchezo wake. Ya marehemu ilikuwa na herufi SLES, za toleo la Ulaya; ya fundi ilikuwa SLPM, ya Japani. Mchezo ambao Ulaya huitwa Pro Evolution Soccer 6, wa mwaka 2006, kule Japani huitwa Winning Eleven 10. Mpira ni ule ule, lakini ndugu hao wawili hawasomi daftari la mwenzake. Ilitupasa kupata toleo lile lile alilolicheza marehemu, nalo lilikuwa kwenye kisahani chake, kile kisichosomeka.

Kilikuwa hakisomeki na mtambo wetu. Kompyuta ina jicho lake. Mwenzangu anayefundisha hisabati alitukaribisha kwake. Tulikifuta kisahani kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, tukaanza kukinakili saa kumi alasiri. Kilipofika kwenye mikwaruzo kompyuta ilinguruma, ikarudia, ikarudia. Jioni umeme ukakatika. Tukaanza upya kesho yake, na adhuhuri nakala ikakamilika.

Nakiri kwamba neno hilo, kunakili, lilinikera. Mimi ni mwalimu. Nimewatoa wanafunzi katika chumba cha mtihani kwa kosa hilo. Sitadai kwamba kisahani cha soko kuu kilikuwa na hati zote za halali. Ninachoweza kusema ni kwamba nakala tuliyoitoa ilikuwa ya kitu tulichorithi, na nilimkataza mtoto kuichukua michezo mingine mia ambayo fundi alitaka kumjazia. Alinung'unika siku mbili.

Kazi iliyobaki ni ya uangalifu kama imla. Flashi hutayarishwa kwa mpango wa FAT32, usiokubali faili moja ifikie gigabaiti 4, kwa hiyo michezo mikubwa hukatwa vipande. Nakala huwekwa katika folda iitwayo DVD, na jina lake huanza na zile herufi na namba za mchezo, pasipo kukosea hata nukta. Tena faili isitawanyike humo kama kurasa zilizopeperushwa na upepo, maana programu huzitaka zifuatane. Mtoto aliyafanya haya yote mwenyewe. Mimi nilisoma namba kwa sauti, yeye akaandika.

Kabla ya kuwasha mchezo, alifungua ile orodha ya kadi, akanakili vyote vya baba yake kwenye flashi, kisha akahakikisha mara mbili kwamba vimo. Sikumfundisha hilo.

Kadi ya pili ikasomwa. Likatokea jina ambalo marehemu aliipa ligi yake: jina la mtaa tuliozaliwa. Katika mchezo ule mtu huanza na timu dhaifu ya daraja la pili, yenye wachezaji wa kubuni, akiwemo mshambuliaji Castolo, na kwa ushindi hupata uwezo wa kununua walio bora. Sote tulisikia matangani, kutoka kwa rafiki zake, kwamba hakuna aliyepata kumfunga mdogo wangu. Mtoto amekua na habari hiyo. Sasa alikaa akiisoma jedwali, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Timu ilikuwa ya saba. Castolo alikuwa angali mbele. Mechi ya mwisho walifungwa mabao matatu kwa bila.

"Baba mkubwa," alisema polepole, "kumbe baba alikuwa akifungwa."

Kisha akacheka, akacheka mpaka shemeji akatoka jikoni kuuliza kuna nini, naye akaelezwa, akashika mlango, akasema kwamba usiku ule wa mabao matatu anaukumbuka, kwa sababu mtu yule alikataa kula.

Mtoto akanipa ile ambayo vijana wetu huiita maneti, kwa kufuata Kifaransa. Nilimwuliza kitufe cha kupiga mpira golini ni kipi.

"Cha mraba," akasema.