Kusomeana, Kuazimana, Kutumiana

Kupeana habari za kitabu kilicho mkononi ni desturi ya siku nyingi miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, na vitenzi vitatu vinatosha kueleza ilivyobadilika: kusomeana, kuazimana na kutumiana. Katika kusomeana, kinachotoka kwa msomaji kwenda kwa mwenzake ni sauti. Katika kuazimana ni nakala yenyewe. Katika kutumiana ni picha ya jalada, jina la kitabu au faili. Njia hizi hazikufutana. Kila moja ilishamiri pale idadi ya vitabu, idadi ya wasomaji na vyombo vya wakati wake viliporuhusu, na kila moja ilimgharimu mtoaji kwa namna yake.

Kusomeana

Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu zamani sana kabla ya kufika mashine za chapa. Kila nakala iliandikwa kwa mkono, hivyo nakala zilikuwa chache, na utendi ulienea zaidi kwa masikio kuliko kwa macho. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, ulifika nyumba nyingi kwa njia hiyo. Mwenye nakala aliughani, waliokaa naye wakaushika beti kwa beti, na baadhi yao wakaweza kuukariri bila kuwahi kumiliki karatasi yake hata moja. Aliyeupenda hakuwa na haja ya kueleza kwa nini anaupenda. Aliughani, na waliovutiwa walirudi siku ya pili kusikiliza tena.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Januari 1923 mjini Dar es Salaam chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, liliendeleza desturi hiyo kwa herufi za Kirumi. Lilitoka kila mwezi, likiwa na habari, mafunzo, hadithi, barua na mashairi ya wasomaji. Nakala moja ilitosha baraza zima. Aliyejua kusoma, mara nyingi mwalimu, karani au kijana aliyetoka shule, alikaa katikati na kusoma kwa sauti. Wazee walimkatisha kwa maswali, wakamtaka arudie shairi, na pengine wakamtuma amwandikie mhariri barua kwa niaba yao. Vitabu vilivyofuata, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri iliyotoka mwaka 1929, na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela cha mwaka 1934, navyo viliingia majumbani kupitia mdomo wa mtu mmoja.

Katika mazingira hayo swali la “unasoma nini?” halikuwa na kazi, kwa kuwa jibu lilikwisha kusikika uani na barazani. Swali lililoulizwa lilikuwa “tumefika wapi?” Aliyekosa jioni moja alisimuliwa yaliyompita kabla msomaji hajafungua ukurasa mpya, na usimulizi huo ulikuwa zoezi tosha la kueleza kitabu kwa mtu asiyekisoma: kusema kilichotokea, kuacha yasiyo na maana, na kunyamaza mahali pake.

Tanzania ilikuza kusomeana kwa upana mkubwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikafanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyokusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya redio nchini kote kwa wiki 12. Kikundi kilikutana darasani au chini ya mti, kikasikiliza kipindi, kisha mmoja akasoma kwa sauti sehemu ya wiki hiyo katika kitabu cha kampeni. Mada ikiwa malaria, kichocho au kuhara, walijadiliana hapo hapo la kufanya, na wengi waliondoka kwenda kuchimba vyoo. Ni nadra kitabu kusomwa na watu wengi namna hiyo kwa wakati mmoja na kuacha alama inayoonekana ardhini.

Kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10 ya watu wazima. Mafanikio hayo ndiyo yaliyopunguza haja ya kusomeana. Anayeweza kusoma peke yake hahitaji kusomewa, na kitabu kikaanza kuhama barazani kwenda kitandani.

Kuazimana

Kitabu kinachosomwa kimyakimya kinazaa hali mpya: watu wawili wanaokaa chumba kimoja wanaweza kuwa katika hadithi mbili tofauti, na hakuna anayejua ya mwenzake mpaka aulize. Hapo swali la “unasoma nini?” lilipata maana. Lilipata pia majibu mengi, kwa sababu riwaya za Kiswahili zilikuwa zinaongezeka. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilitoka mwaka 1960 na kumleta mpelelezi Bwana Msa. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, Euphrase Kezilahabi na Rosa Mistika mwaka 1971, na Elvis Musiba na Kufa na Kupona mwaka 1974, kilichomtambulisha Willy Gamba. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na maktaba za mikoa zikafuata. Hata hivyo, kwa wasomaji wengi, hasa wa shule za bweni, maktaba kubwa zaidi ilikuwa mikono ya wenzao.

Waliokuwa bwenini katika miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka nakala hizo kwa hali zake kuliko kwa majalada yake, kwa sababu majalada mara nyingi hayakuwapo. Kitabu kilivikwa gazeti kuukuu, kikashonwa mgongoni kwa uzi mweusi, na pembe za kurasa zilikuwa zimelainika kama kitambaa. Kwa kuwa jina la kitabu lilikuwa limechanika pamoja na jalada, kilitajwa kwa jina la shujaa wake. Mwanafunzi alimuuliza mwenzake, “Una Willy Gamba?” au “Bwana Msa yuko kwa nani?” na wote wawili walielewana. Kitabu maarufu kilikuwa na foleni. Majina yaliandikwa kwa penseli ndani ya ukurasa wa mwisho, na aliyefikiwa alikipata baada ya masomo ya jioni, kwa sharti la kukirudisha kabla ya kengele ya asubuhi. Taa zikizimwa, kilimaliziwa kwa tochi chini ya blanketi. Foleni ikizidi kuwa ndefu, kitabu kilitenganishwa vipande viwili au vitatu ili wa mbele asimcheleweshe wa nyuma.

Nakala zilizozunguka sana zilipoteza kurasa, na kurasa za mwisho ndizo zilizotangulia kutoka. Hapo msomaji aliyepitia kitabu kikiwa kizima aligeuka kuwa sehemu ya kitabu. Alitafutwa bwenini, akaketishwa, akaulizwa muuaji alikuwa nani. Wengine walisema moja kwa moja. Wasimulizi hodari walianza mbali, wakamrudisha msikilizaji katika sura alizokwisha kuzisoma, kisha wakammalizia polepole. Mwaka mmoja baadaye mwisho huo ulikuwa umepita midomo mitatu au minne, na haukufanana tena na ule wa mwandishi. Kwa hiyo kusomeana hakukufa katika zama za kuazimana. Kulijificha katika kurasa zilizokosekana.

Kuna vitabu vilivyopendwa zaidi kwa sababu havikupaswa kuonekana. Rosa Mistika, chenye kisa cha msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba na kuangamia alipopata uhuru asiouzoea, kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Katazo hilo lilifanya habari zake zienezwe kwa kunong’ona. Kumtajia mtu kitabu hicho kulikuwa ishara ya kumwamini, na kumwazima kulikuwa ishara kubwa zaidi.

Gharama ya kuazimana ilikuwa wazi. Mwenye kitabu alibaki mikono mitupu hadi kirudi, na vingi havikurudi. Uhaba wa karatasi na ugumu wa maisha wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 ulifanya nakala iliyopotea iwe vigumu kununuliwa tena. Kwa sababu hiyo, kuazima kitabu kulikuwa na uzito wa maneno yote ya sifa. Mtu hakumkabidhi mwenzake kitabu asichokipenda, na hakumkabidhi anachokipenda mtu asiyemjali. Aliyepokea alijua kwamba atakaporudisha ataulizwa, na alisoma akijiandaa kwa maswali hayo.

Hadithi za magazetini zililegeza ufinyu huo. Baada ya magazeti binafsi kuongezeka Tanzania katika miaka ya 1990, hadithi za mfululizo, zikiwemo za Eric Shigongo, zilisomwa wiki hadi wiki. Neno “Itaendelea” lililofunga kila toleo liliwapa wasomaji siku saba za kubashiri, na ubashiri huo ulifanyika saluni, ndani ya daladala na kwenye meza za magazeti. Kwa muda, swali la barazani lilirudi: watu wote walikuwa mahali pamoja katika hadithi, na waliulizana wamefika wapi.

Nchini Kenya, vitabu vya kutahiniwa vilifanya kazi inayokaribiana na hiyo. Kizazi kizima cha wanafunzi wa sekondari kilisoma Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996, na kilimfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Kitabu kilichosomwa kwa ajili ya mtihani kiliendelea kutajwa miaka mingi baada ya mtihani, na wasomaji wake walitambuana kwa kutaja majina ya wahusika tu.

Kutumiana

Walibora alipofariki Nairobi mnamo Aprili 2020, wasomaji hao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye simu mikononi. Rambirambi zao zilikuwa kumbukumbu za usomaji: nani alimwazima kitabu, alikisomea wapi, na alilia alipofika wapi. Picha za nakala kuukuu, zenye mihuri ya shule na majina ya watu watatu au wanne yaliyokatwa kwa kalamu, zilipita kutoka simu hadi simu. Yaliyowahi kusemwa bwenini kwa watu wanane yalifikia maelfu kwa siku moja.

Huo ndio uwezo wa kutumiana. Katika makundi ya wasomaji, mtu hupiga picha jalada la kitabu anachokisoma, huongeza mistari michache ya maelezo, na kabla ya jioni watu wa Mombasa, Mwanza, Muscat na Minnesota wamekwisha kuiona. Waandishi nao wamehamia huko. Wengi huweka sehemu za kwanza za hadithi bure katika mitandao ya kijamii, hukatisha penye utamu, na kuuza sehemu zinazobaki kwa malipo ya simu. Msomaji anayemtumia rafiki sehemu ya kwanza anafanya kazi ileile ya aliyekuwa akiazima kipande cha mwanzo cha kitabu kilichotenganishwa.

Kasi hiyo inaweza kuifikisha habari ya kitabu mahali ambapo kitabu chenyewe hakijafika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, jina lake lilienea Afrika Mashariki kwa saa chache, na wengi walitaka kumsoma siku hiyo hiyo. Riwaya zake ziliandikwa kwa Kiingereza, na nakala zilikuwa adimu madukani. Peponi, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, ilitoka mwaka 2022. Katika muda ulio katikati, mwandishi alitajwa na kusifiwa na watu waliokuwa bado wanakingojea kitabu chake.

Katika kutumiana mtoaji habaki mikono mitupu. Faili likitumwa linabaki pia lilikotoka, na hakuna haja ya kuliulizia. Kwa sababu hiyo vitabu hutumwa kwa mafungu, kumi au ishirini kwa mara moja, mpokeaji hushukuru, na vingi hubaki bila kufunguliwa. Gharama haikutoweka, imehamia kwa mwandishi na mchapishaji, ambao hawapati chochote kitabu chao kinapogawiwa bila idhini. Msomaji anayependa kitabu kwa dhati ana njia nyepesi ya kulipa deni hilo: kutuma jina la kitabu na mahali kinapouzwa, pamoja na maelezo yake mwenyewe, na kuacha kitabu kinunuliwe.

Maelezo hayo ndiyo yanayotofautisha kitabu kinachosomwa na kile kinacholala ndani ya simu. Orodha ya majina haimtii mtu hamu. Kinachomtia hamu ni mwenzake anapotulia na kueleza nani amekutana na nani, mahali gani hadithi ilimkosesha usingizi, na anapokatisha pale ambapo msikilizaji angetaka aendelee. Ndiyo maana ujumbe wa sauti umepata nafasi kubwa katika makundi ya wasomaji, na simulizi za sauti za Kiswahili zinasikilizwa jikoni, safarini na kazini na watu ambao siku yao haina nafasi ya kushika kitabu. Wapo wanaorekodi sura moja kila usiku na kuwatumia jamaa walio mbali. Asubuhi, ujumbe wa kwanza unaorudi kutoka kwa aliyesinzia kabla ya mwisho ni ule wa barazani: “Tulifika wapi?”